Fundi wa Simu na Salamu za Ziwani

Ukitaka kumkasirisha Fundi wa Simu, mwite fundi kompyuta. Atavua miwani, ataifuta kwa ncha ya tai yake, ataivaa tena, halafu atakueleza kwa upole wa kutisha kwamba kompyuta ni kifaa cha ofisini kama stepla, lakini simu ni watu. Mimi nilimwita hivyo siku yake ya kwanza ofisini kwetu Mbinga, nikakoma. Nilikuwa katibu muhtasi wa meneja wa chama chetu cha ushirika wa mazao, meza yangu iko mlangoni pa meneja, na hakuna aliyepita kwenda popote bila mimi kumwona. Kwa hiyo mtu huyu nilimtazama miaka mingi, asubuhi mpaka jioni, na nikikusimulia habari zake sihitaji kuuliza mtu.

Alikuja kwetu wakati wa soko huria, miaka ile ambayo kila ukifungua redio unasikia kiwanda hiki kimeuzwa, shirika lile limegawanywa. Naye alikuwa amepunguzwa kazi huko kwenye mambo ya simu, akiwa bado na nguvu zake na meno yake yote. Wengi waliopunguzwa walirudi nyumbani na malalamiko. Yeye alirudi na sanduku la bisibisi, mkanda wa kupandia nguzo na tai zake. Tai alivaa kila siku ya Mungu. Akipanda juu ya bati aliichomeka ndani ya shati, kati ya kifungo na kifungo, na akishuka aliitoa, akainyoosha, akaendeleza maneno pale pale alipokuwa ameyaachia.

Na maneno alikuwa nayo, jamani. Ukimwuliza saa ngapi, alianza kukueleza jinsi saa ya ukutani katika nyumba za simu za zamani ilivyokuwa ikirekebishwa. Ungekuwa na haraka ungeishia kumwacha anaongea na mlango. Kutoka getini mpaka kwenye kibanda chake cha kazi palikuwa na mwendo mfupi kabisa, lakini yeye aliufanya safari. Alisimama kwa mlinzi, akauliza mguu wa mama yake mlinzi unaendeleaje. Alisimama kwa mama anayetuchemshia chai, akauliza kahawa ya shambani kwake imechanua vipi mwaka huu. Mkulima ametoka Mbuji na gunia lake begani, Fundi anamsimamisha, shikamoo na habari za nyumbani, habari za mvua, habari za watoto walioko shule, na gunia bado liko begani kwa watu. Meneja alikuwa akimwona dirishani na kushusha pumzi.

Lakini mtu huyo huyo, mpe simu mkononi, anageuka askari. Kwenye simu hakutaka salamu ndefu, hakutaka kicheko, hakutaka “na wewe je”. Alisema alikokuwa kazini zamani watu walisubiri foleni ya simu za mbali mchana kutwa, kwa hiyo kila neno la bure lilikuwa limemnyima mwenzako nafasi. Akinikuta nazungumza na dada yangu wa Songea, alisimama mbele ya meza yangu na kufanya vidole vyake viwili kama mkasi. Kata, kata. Nilimwambia siku moja kwamba yeye ana midomo miwili, mmoja wa barabarani na mwingine wa kwenye waya. Alicheka mpaka akakaa chini, kwa sababu sifa yake nyingine ni kwamba ukimtania vizuri hanuni.

Alikuwa na kanuni moja aliyoihubiri kwa kila aliyeleta kifaa kibovu: kwanza kailaumu plagi. Kabla hujalaumu waya, kabla hujalaumu mvua, kabla hujamlaumu mwenzako, kaangalie plagi. Na mara nyingi ilikuwa kweli plagi. Sasa kuna asubuhi simu ya meneja ilikufa, na Fundi, sijui alikuwa ameamkaje, akaisahau kanuni yake mwenyewe. Alipanda nguzo ya nje, akashuka. Akapanda bati, akafungua, akafunga, akashuka ana utando wa buibui kichwani. Aliporudi kunywa maji alimkuta mama wa usafi anapiga pasi mapazia, na pasi imechomekwa mahali pa mtambo wa simu. Aliichomoa pasi, akachomeka mtambo, akaja kwenye meza yangu akaniomba nisimwambie mtu. Nikamwambia nitajitahidi, na kabla ya chakula cha mchana ofisi nzima ilikuwa inajua.

Kanisani alikuwa haambiliki. Yeye ni Mmatengo wa upande wa Litembo, Mkatoliki wa kuamka na misa ya kwanza, sauti yake ya besi ilisikika mpaka nje. Ila spika ya kanisa ilikuwa ikinguruma, na ule mngurumo ulimtesa kuliko dhambi zake. Ukimwuliza padri amehubiri nini, hajui. Anachojua ni kwamba kuna waya mmoja unamgusa mwenzake nyuma ya altare na hakuna anayemruhusu akauguse. Mwishowe walimruhusu, nadhani ili kupata amani, na Jumapili iliyofuata mimi nilimwona anasikiliza mahubiri kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Simu ya mkononi aliikataa kwa muda mrefu. Sote tulishanunua, mpaka mlinzi, yeye akawa anazitazama kwa dharau na kusema kwamba simu isiyo na waya huwezi kuifuata ukajua imeishia wapi. Nilimwuliza, je, redio? Akasema redio haijibu. Ukifikiri mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kutuletea sauti ya mtu kupitia kwenye intaneti, utaona kwa nini sikuwahi kuchoka kumtazama.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo linaloingia kwenye habari ninayotaka kuisimulia. Alikuwa anaogopa maji. Nguzo ndefu kuliko mnara wa kanisa alipanda akipiga mluzi, lakini ziwa, hapana. Na Mungu naye ana mambo yake, akampa mke Mnyasa, binti wa Kianglikana wa kule ufukoni upande wa Liuli, mtu aliyejifunza kuogelea kabla hajajua kufunga kanga. Mkewe alikuwa akituhadithia kwamba wakishuka kwao, mume wake hukaa barazani amelipa ziwa mgongo, na watoto wakimwita aje aone mtumbwi, husema ameshauona.

Zaidi ya maji alimwogopa mkwewe. Mzee yule alikuwa mwenyekiti wa tawi letu la ziwani, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini, na alimwita mkwe wake “yule Mmatengo” mbele yake na nyuma yake. Sasa kule ufukoni mkwe humsalimii umesimama kama mlingoti. Unachutama, unainamisha kichwa, unasema shikamoo, kisha unapiga makofi taratibu, viganja umevikunja kidogo ili sauti itoke nzito. Mzee naye anaguna, mm, mm, na wewe unaendelea mpaka aridhike. Makofi yale ndiyo salamu yenyewe. Shikamoo bila makofi ni neno la mtu anayepita njia. Fundi aliyajua hayo na aliyafuata vizuri kuliko hata wenyeji, kwa sababu mgeni hujihadhari.

Basi, tawi la ziwani. Wakati ule wanunuzi binafsi walikuwa wakizunguka na magari yao, leo bei hii, kesho bei nyingine. Matawi ya huku juu tuliyapata kwa simu, tukayaambia bei mpya saa ile ile. Tawi la ziwani halikuwa na simu. Waya wa zamani ulishakufa, mawimbi ya simu za mkononi yalikuwa bado hayajafika pale, na barabara ya kuteremka kwenda ziwani wakati wa mvua ilikuwa ya kumwomba Mungu. Bei yetu ilifika kule wakati mpunga umeshaondoka kwenye gari la mtu mwingine. Kamati ikakaa, ikasema wazi: tawi lisilosikika litafungwa kabla msimu haujafunguliwa. Wanachama wa kule watapandisha mazao yao Mbinga wenyewe, kila mtu atakavyoweza.

Watakavyoweza vipi, hakuna aliyesema. Mama mwenye magunia yake ya mpunga na mtoto mgongoni ataupandaje mlima ule? Angemwuzia tu mnunuzi wa kwanza atakayesimamisha gari mlangoni kwake, kwa bei ya huyo huyo mnunuzi. Fundi alilijua hilo kwa majina, maana akina mama hao ni shemeji zake na mashangazi wa mkewe. Siku kamati ilipotoa uamuzi alipita mezani kwangu bila salamu yoyote, nikajua kweli amepatikana.

Kesho yake alimwendea meneja. Ofisi yetu ilikuwa imeshapata dishi la intaneti kwa ajili ya barua pepe, na tawi la ziwani lilikuwa limeahidiwa la kwake, dogo. Fundi akasema dishi likibeba barua, litabeba na sauti. Alikuwa amesoma juu ya kisanduku cha kuunganisha simu ya kawaida na mtandao wa ofisi. Upande mmoja unachomeka simu yako ile ile ya mezani, upande mwingine unachomeka waya wa mtandao; sauti inaingia, inakatwa vipande vidogo vidogo, inarushwa, na kule ng’ambo kisanduku mwenzake kinavishona vipande vile viwe sauti tena. Meneja, ambaye alikuwa mtu wa kutoka mbali na hakuwa na ndugu ziwani, alisikiliza. Akasema sawa, jaribu. Ila kamati ikaweka sharti lake: mwenyekiti wa tawi aseme kwa kinywa chake mwenyewe kwamba simu hiyo inamfaa. La sivyo tawi linafungwa.

Mwenyekiti wa tawi ni nani? Mkwewe.

Sijapata kuona mtu anafanya kazi kwa furaha na hofu pamoja namna ile. Kisanduku cha ziwani kiliteremka na mafundi wa dishi, wakakifunga wao; cha kwetu alikifungua kwenye chumba cha stoo, akakiweka juu ya kabati karibu na mtambo unaogawa waya wa mtandao, akaanza kukisemesha kama ndama anayefundishwa kunywa. Alikipa anwani yake, akakiambia mwenzake wa ziwani anapatikana anwani gani, akakifundisha kwamba mtu akibonyeza namba fulani huko ndiko anakotaka. Sauti ya kwanza ilirudi na mwangwi kama ya mtu aliye kisimani. Akaurekebisha. Ikaja safi, lakini kila meneja alipopokea barua yenye picha, maneno yalikatika katikati. Akapanga sauti ipite kwanza, barua zisubiri, na meneja akawa analalamika kwamba picha zake zinafika zimechelewa. Alichelewa kula, alichelewa misa, mara mbili nilimkuta amelala chini ya meza na tai yake shingoni.

Njia ile ya dishi ilikuwa nyembamba sana, na yeye alitaka ipitishe watu kadhaa kwa mara moja. Ndipo alipokuta ndani ya kisanduku kuna kitu cha kuwasha au kuzima: ukikiwasha, kisanduku hakitumi kimya. Mtu akinyamaza, hakirushi chochote, mpaka aseme tena. Fundi alifurahi mno. Alikuja mpaka mezani kwangu kunieleza kwamba karibu nusu ya maongezi ya binadamu ni kunyamaza, na hakuna sababu ya kukirusha kimya angani. Kwa mtu aliyepigana miaka yote na maneno ya bure kwenye simu, nadhani ilikuwa kama amepewa zawadi. Akakiwasha, huku kwa mkono na kule kwa njia ya mtandao.

Siku ya majaribio wanakamati walijaa ofisi ya meneja, wengine wamesimama. Kule ziwani karani wa tawi alikuwa ameambiwa amweke mzee tayari. Simu ikaita, karani akapokea, sauti safi kabisa, watu wakatazamana. Karani akasema mzee huyu hapa. Fundi akaushika mkonga wa simu kati ya shavu na bega, akachutama pale pale kwenye sakafu ya meneja, tai ikagusa chini, akasema, “Shikamoo, Baba.” Akaanza kupiga makofi, taratibu, viganja amevikunja, kama inavyotakiwa. Mwanakamati mmoja alitaka kucheka, nikamkazia macho.

Akapiga, akangoja. Kimya. Akapiga tena. Kimya cha ajabu, hata ule mvumo wa simu haupo, kama mtu ameziba masikio yako kwa pamba. Ndipo sauti ya mzee ikaja wazi, ya chini chini, na sisi tuliokuwa karibu tuliisikia.

“Nani huyo ananisalimu amesimama?”

Mkonga ukawekwa chini. Baadaye karani akapiga, akasema kwa aibu kwamba mwenyekiti amekwenda zake nyumbani, na ametoa neno kuwa simu hiyo ni ya watu wasio na adabu, haitaki. Meneja alitazama kalenda ukutani. Alisema kamati itakutana tena wiki inayofuata, na bila neno la mwenyekiti hana la kufanya. Hakuwa mtu mbaya, lakini alichoka.

Fundi alikwenda kuangalia plagi. Naapa, alikwenda kuangalia plagi. Aliangalia kila kitu, akapiga tena na tena, na kila mara mzee aliitwa na kila mara hakuja. Mkewe alipopata habari alicheka kwanza, kisha akamwambia kama baba amesema umesimama, nenda kachutame huko huko. Meneja akatoa gari la ofisi, na mimi nikaagizwa kwenda pamoja naye ili nilisikie neno la mwenyekiti, liwe ndiyo au hapana, niirudishie kamati. Tukaushuka ule mteremko, tope mpaka kwenye milango. Kila ziwa lilipojitokeza kwenye kona, bluu na pana, mwenzangu alitazama upande wa mlima.

Mzee tulimkuta kwenye baraza la tawi, ametandaziwa mkeka. Fundi hakungoja hata tope likauke miguuni. Alichutama, akasema shikamoo, akapiga makofi, mzee akaguna, akapiga, mzee akaguna, ikaenda hivyo mpaka mimi niliyepiga goti pembeni magoti yakaanza kuniuma. Tukaletewa maji, tukaletewa ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchoma. Ndipo mzee akasema kwamba leo amesalimiwa na mtu, lakini siku ile ya simu alisalimiwa na kijana mwenye mikono mfukoni.

Fundi akasema alichutama. Mzee akaangalia ziwa. Nikaona hapa nami niseme, nikamwambia, mzee wangu, mimi nilikuwepo, nilimwona kwa macho yangu amechutama mpaka tai imefagia sakafu, na makofi alipiga, wanakamati wote ni mashahidi.

Mzee akageuka, akanitazama vizuri. “Mimi sikusikia mkono,” akasema. “Nilisikia shikamoo peke yake. Nikaguna hata hivyo, nikidhani mkono utafuata. Haukufuata.”

“Uliguna, Baba?” Fundi akauliza.

“Niliguna.”

“Nami sikusikia kuguna.”

Wakatazamana. Kisha Fundi akavua miwani, akaishika hivi hivi bila kuifuta, na uso wake ukaanza kubadilika, nikadhani analia. Kumbe kicheko kinapanda. Alicheka akajipiga mapaja, akasimama, akakimbilia ndani kwenye kisanduku na kompyuta ndogo ya ofisi kwapani. Tulimfuata, mzee nyuma na fimbo yake. Alitueleza huku vidole vinakimbia. Kisanduku kiliambiwa kisirushe kimya, na chenyewe chochote kisicho maneno ya kusikika vizuri kinakihesabu kuwa kimya. Makofi ya taratibu, kimya. Kuguna kwa mzee, kimya. Kilikuwa kinapokea heshima zote za pande mbili na kuzitupa, kinaacha neno moja tu, shikamoo, limesimama peke yake kama mtu asiye na adabu. Alisema kisanduku kile kimetengenezwa na watu wanaosalimiana kwa mdomo mtupu.

Na aliyekiwasha nani? Yeye mwenyewe, mchutamaji namba moja, aliyepiga makofi mbele ya kamati nzima huku amekiagiza kisanduku kiyatupe. Kwa watu wa mji usiosalimiana kwa makofi lisingekuwa kosa hata kidogo. Alizima kile kitu hapo ziwani, akaingia kwa njia ya mtandao akakizima na cha Mbinga. Akasema sasa njia haitatosha watu wengi kwa mara moja, watakuwa wawili tu, na wengine watasubiri foleni kama zamani. Nilimwona anafurahia hata hilo la foleni.

Akampigia meneja kujaribu. Akamwomba, kwa heshima zote, apige makofi. Nilisikia meneja anauliza makofi ya nini. Akaelezwa. Pakatokea kusitasita, halafu pa, pa, pa, ikaja mpaka ziwani. Mzee aliyekuwa ameushika mkonga aliguna, akauondoa sikioni, akatuambia kwamba huyu anapiga kama anafukuza kuku, lakini amepiga. Barazani watu walicheka mpaka akina mama waliokuwa wanaanua dagaa wa usipa ufukoni wakaja kuuliza kuna nini.

Mimi nikadhani yamekwisha. Nikatoa kalamu. Mzee akasema neno la ndiyo au hapana atalitoa kesho.

Kesho yake alisema anataka kwanza kuwaonyesha mashamba ya mpunga. Tukaonyeshwa. Kesho yake nyingine akasema Mmatengo hajawahi kuona mji huu kutoka majini, ataonaje tawi la ziwani bila kuliona ziwa? Akampandisha kwenye mtumbwi, Fundi amefumba macho, ameshika kingo kwa mikono miwili, tai inaning’inia nje. Mimi nilikaa ufukoni na kununa. Kamati inasubiri, mzee anatembeza watu. Nilimwona ni mkaidi tu, anayetaka tujue kwamba hapa ndiye mkubwa. Ilikuwa karibu tuondoke mikono mitupu ndipo akaingia ndani, akauchukua mkonga, akampata meneja, na akasema kwamba tawi lake sasa linasikika, na lisifungwe. Halafu akatoka akaenda kukaa peke yake, hakutupungia hata mkono wakati gari linaondoka. Nikazidi kumwona mkaidi.

Tawi halikufungwa. Msimu ule bei yetu ilifika ziwani asubuhi ile ile iliyotangazwa Mbinga, na wanunuzi binafsi ikabidi wapandishe yao. Ofisini kwetu ikazuka desturi ya watu wazima kuubana mkonga begani na kupiga makofi, kila siku, bila aibu. Karani mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka mjini alidhani ni dini yetu. Baada ya miaka minara ya simu za mkononi ilifika mpaka ufukoni, kisanduku kikazimwa, na Fundi akastaafu. Mimi nami nikastaafu, nikarudi shambani kwangu kwenye kahawa, tukapotezana.

Nimemwona tena mwaka huu. Nilishuka ziwani kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yangu, nikapita pale tawini kwa mapenzi tu. Ni siku ya ununuzi, foleni imetoka nje, magunia ya mpunga yanapimwa, na barazani ameketi Fundi wa Simu, mnene kidogo, kichwa cheupe, uso ameuelekeza ziwani. Nikampigia shikamoo, akaruka kunikumbatia. Akanieleza kwamba wanaishi hapa siku nyingi, yeye na mkewe, na kwamba mkwewe alifariki akiwa mzee sana, amezungukwa na wajukuu. Nilimpa pole. Nikashindwa kujizuia, nikasema Mungu amrehemu, lakini mzee yule kwa ukaidi, siku zile alitusumbua kweli kwa neno moja.

Fundi akacheka kidogo. Akasema hata yeye aliuona ni ukaidi, mpaka alipokuja kumwuguza. Siku moja mzee alimwita akae karibu na kitanda, akamwambia kwamba siku ile ya kamati alijua amechutama.

“Nikamwuliza, Baba, ulijuaje, na mkono hukuusikia? Akasema, wewe Mmatengo hujawahi kunisalimu umesimama, ungeanza siku hiyo mbele ya wakubwa zako? Nilijua ni lile debe lako. Lakini miaka miwili ilikuwa imepita hujaniletea binti yangu wala watoto, unasema barabara mbaya. Nikajiuliza, akishanipata kwa simu, atashuka tena huyu? Nikaona nikatae kwanza, nikuone. Na ulipokuja nikakuzungusha, maana nilijua nikisema ndiyo, unaondoka.”

Mtu mmoja alimwita kutoka kwenye mizani, Fundi akamwashiria angoje. Macho yalikuwa yamemlowa na bado anatabasamu. Nikamwuliza alimjibu nini mzee.

“Nilitoka nje nikamwambia mama watoto atume watu wakalete vitanda vyetu kutoka Mbinga.”